Feni ya Rejeta ya Umeme: Dalili za Ubovu, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuibadilisha Nyumbani

Gari likichemsha, lawama ya kwanza huiangukia feni. Mwenye gari hununua feni, fundi huifunga, na baada ya siku chache taa nyekundu ya joto inawaka tena, kwa sababu kilichokuwa kimekufa ni relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), au soketi iliyoungua, au mfuniko wa rejeta uliolegea. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii kwenye spana. Umepangwa kwa dalili ambazo wenye magari huzilalamikia mara kwa mara, na chini ya kila dalili sababu zinatajwa kuanzia ile inayotokea sana hadi ile ya nadra, ili feni inunuliwe pale tu inapothibitika kwamba yenyewe ndiyo mbovu.

Maelezo haya yanahusu magari madogo yenye feni ya umeme nyuma ya rejeta, kama vile Toyota Vitz, IST, Premio na Fielder, au Mazda Demio. Magari ambayo feni yake huzungushwa na injini yenyewe yametajwa kwa ufupi mwishoni.

Kabla ya kugusa chochote

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo ndani yana mgandamizo na huenda yamepita nyuzi joto 100, na mfuniko ukilegezwa hugeuka mvuke papo hapo na kurukia uso na mikono. Subiri hadi hozi ya juu ya rejeta iweze kushikwa kwa kiganja bila kuunguza, na hata hapo ufungue taratibu ukiwa umefunika kwa kitambaa kizito.

Jambo la pili ni kwamba katika baadhi ya magari feni inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa imezimwa, maadamu maji bado ni ya moto. Ukiingiza mkono au spana kwenye mapanga yake, chomoa kwanza waya hasi wa betri. Ikiwa gari ni haibridi, kama Prius au Aqua, liache kwa fundi aliyesomea magari hayo, kwa sababu injini inaweza kujiwasha bila wewe kugusa ufunguo, na nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoweza kuua.

Dalili: gari linachemsha kwenye foleni, lakini likishika kasi joto linashuka

Hii ndiyo dalili halisi ya feni. Gari linapokwenda kasi, upepo wa barabarani hupita kwenye rejeta wenyewe, na feni haina kazi kubwa. Linaposimama, feni ndiyo upepo pekee uliobaki. Kama gari lako linafanya kinyume chake, yaani linatulia mjini na kuchemsha kwenye mlima mrefu au likiwa kasi barabara kuu, acha feni kwanza, nenda moja kwa moja kwenye dalili ya feni inayozunguka huku gari likiendelea kuchemsha.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji kifaa chochote. Washa injini, washa kiyoyozi kwenye baridi kamili, kisha fungua boneti na utazame. Katika magari mengi feni zote huwaka ndani ya muda mfupi kiyoyozi kinapowashwa, hata kama injini bado haijapata joto. Zikiwaka, mota ni nzima na tatizo liko kwenye upande unaopima joto, ambao umeelezwa katika dalili inayofuata. Zisipowaka, usikate shauri bado, kwa kuwa kiyoyozi kisicho na gesi huenda kisiamuru feni iwake.

Sababu inayofuata kukaguliwa ni fyuzi. Fungua kisanduku cha fyuzi kilicho chini ya boneti. Kwenye Toyota nyingi fyuzi ya feni ya rejeta imeandikwa RDI FAN na ile ya feni ya kiyoyozi CDS FAN, na ni fyuzi kubwa za ampea 30 au 40. Kando yake kuna relei. Njia rahisi ya kuijaribu relei ni kuibadilisha na nyingine yenye namba ileile na miguu iliyopangwa vilevile, mara nyingi ile ya honi. Feni ikiamka na honi ikakaa kimya, umepata jibu kwa gharama ya relei moja.

Baada ya hapo tazama soketi ya feni yenyewe. Ichomoe na uangalie ndani kwa tochi. Plastiki iliyogeuka kahawia, iliyovimba au kuyeyuka kuzunguka pini moja ni ushahidi kwamba pini hiyo ilikuwa imelegea na ikazalisha joto kila feni ilipowaka. Ubovu huu ni wa kawaida sana kwenye magari yaliyotumika miaka mingi, na mafundi wengi huupita bila kuuona kwa sababu soketi ikiwa imefungwa huonekana nzima kwa nje. Badilisha pande zote mbili, dume na jike. Ukibadilisha upande mmoja tu, pini iliyoungua itaiharibu mpya.

Sasa ndipo ifike zamu ya mota. Soketi ikiwa imechomolewa, ipelekee mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili nene, mmoja wao ukiwa na fyuzi ya ampea 30. Unganisha hasi kwanza, kisha chanya, mikono ikiwa mbali na mapanga. Mota nzima huondoka kwa nguvu na kushika kasi mara moja. Mota inayojikokota, inayotoa cheche nyingi, au inayokaa kimya hadi uigonge kidogo kwa mpini wa bisibisi, imekwisha kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota). Kugonga huko kunaweza kukufikisha nyumbani siku hiyo, lakini mota ya namna hiyo haina ahadi, nayo ndiyo inayostahili kubadilishwa.

Kama mota inazunguka vizuri kwa betri lakini haizunguki kwa soketi yake, na fyuzi na relei ni nzima, kuna waya mbovu au ethi mbovu (waya unaorudisha umeme kupitia bodi ya gari). Hapa testa ya taa inaweza kukudanganya, kwa sababu waya uliooza na kubaki na nyuzi mbili tatu za shaba bado unaweza kuwasha taa ndogo, ilhali hauwezi kubeba feni. Pima volti feni ikiwa imeunganishwa: kipimo kwenye soketi kikiwa pungufu ya cha betri kwa zaidi ya volti moja, umeme unapotelea njiani. Safisha kwanza mahali waya wa ethi ulipofungwa kwenye bodi, uondoe kutu na rangi hadi chuma kionekane.

Dalili: feni inawaka kwa kiyoyozi, lakini haiwaki kwa joto la injini

Sababu ya kwanza kabisa ni maji pungufu, na hili huwashangaza wengi. Sensa ya joto imetengenezwa kupima maji. Maji yakishuka ikabaki imening'inia kwenye hewa na mvuke, hupeleka habari za uongo, na feni hukaa kimya huku injini ikiungua. Jaza maji injini ikiwa baridi kabla ya kulaumu kitu kingine, kisha utafute yalikovuja.

Pia hakikisha kwamba feni ina sababu ya kuwaka. Thamostati (vali inayoruhusu maji yapite kwenye rejeta joto likipanda) za magari haya hufunguka karibu na nyuzi 82, na feni kwa kawaida husubiri hadi nyuzi 93 au zaidi. Gari lililowashwa asubuhi kwa dakika tano bila feni kuzunguka halina ubovu wowote.

Baada ya maji ni sensa au swichi ya joto. Toyota za miaka ya 1990 zina swichi iliyofungwa kwenye rejeta au karibu na thamostati, na saketi yake imepangwa ili waya ukikatika feni iwake. Kwa hiyo ukichomoa soketi ya swichi hiyo ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuzunguka. Ikizunguka, swichi ndiyo mbovu. Magari mengi ya Ulaya yamepangwa kinyume, ambapo feni huwaka pini mbili za soketi zinapounganishwa. Magari ya karibuni hayana swichi hiyo. Kompyuta ya injini husoma sensa ya joto na kuamuru relei. Ukichomoa sensa injini ikiwa inaunguruma, kompyuta nyingi huwasha feni kwa tahadhari na taa ya injini huwaka. Mashine ya kusomea kodi (namba za ubovu zilizohifadhiwa na kompyuta) itaonyesha P0117 au P0118 kwa ubovu wa saketi ya sensa, na P0480 kwa ubovu wa saketi ya kuamuru feni.

Ikiwa sensa ni mpya, relei ni nzima, nyaya hazijakatika, na bado amri haitoki, ishia hapo. Kinachobaki ni kompyuta au nyaya zake, na hiyo ni kazi ya fundi umeme wa magari mwenye ramani ya nyaya za gari lako. Kuchokoa pini za kompyuta kwa testa ya taa kunaweza kuiua.

Hapa lazima itajwe tabia ya kuiunga feni moja kwa moja, ili izunguke kila ufunguo unapowashwa. Ni maarufu kwa sababu ni ya haraka na gari huacha kuchemsha siku hiyohiyo. Lakini mota iliyopangiwa kupumzika sasa haipumziki, kaboni zake huisha mapema, na mara nyingi waya uliotumika ni mwembamba na hauna fyuzi, ukiwa umeunganishwa kwenye swichi ya ufunguo ambayo haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Magari yameungua kwa nyaya za namna hiyo. Kama uko safarini na huna njia nyingine, tumia waya mnene wenye fyuzi kutoka kwenye betri kupitia relei, kisha uondoe mara ufikapo.

Dalili: feni inazunguka vizuri, na gari bado linachemsha

Usinunue feni. Anza na mfuniko wa rejeta. Juu yake pameandikwa mgandamizo unaouhimili, aghalabu 0.9 au 1.1, na mgandamizo huo ndio unaozuia maji yasichemke hadi yakaribie nyuzi 120. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, maji huchemka kama yaliyo kwenye sufuria. Kwa wakazi wa nyanda za juu jambo hili lina uzito zaidi: katika miinuko ya Nairobi au Mbeya maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, yaani papo hapo feni inapokaribia kuwaka au inapoanza tu kuwaka. Gari la namna hiyo hutupa maji kwenye tenki la akiba wakati feni ikiwa nzima kabisa, na mwenye gari huapa kwamba feni inachelewa. Badilisha mfuniko kwa mwingine wenye namba ileile kabla ya yote.

Ya pili ni rejeta iliyoziba. Kwa nje kinachoziba ni vumbi, majani na wadudu kati ya kondensa ya kiyoyozi (rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele) na rejeta, mahali ambapo jicho halifiki kirahisi. Pulizia maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa nguvu ndogo ili mapezi yasilale. Kwa ndani ni kutu na magadi, hasa kwa magari ya pwani yaliyojazwa maji ya kisima yenye chumvi kwa miaka. Tumia kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, na kumbuka kwamba kulanti ni sumu yenye ladha tamu; isiachwe kwenye beseni ambapo mtoto au mbwa anaweza kuifikia.

Ya tatu ni thamostati iliyokwama ikiwa imefunga. Hozi ya juu inakuwa ya moto sana na ya chini inabaki baridi. Badilisha kwa mpya. Kuiondoa na kuliacha gari bila thamostati hufanya injini ikae baridi muda mrefu, itumie mafuta zaidi na kuchakaa upesi.

Ya nne ni kava la feni lililotupwa. Lile boksi la plastiki linaloizunguka feni ndilo linaloifanya ivute hewa kupitia rejeta nzima, na bila hilo hupoza duara lililo mbele yake tu.

Mwisho ni pampu ya maji na gasketi ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini). Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiunguruma, moshi mweupe usioisha, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, au hozi inayokakamaa mara tu baada ya kuwasha gari la baridi ni dalili za gasketi. Zima gari, usiliendeshe tena, liite fundi lilipo.

Dalili: feni inazunguka muda wote, hata asubuhi

Kama kiyoyozi kimewashwa, hiyo ni kawaida. Kama kimezimwa, chomoa relei: feni ikizima, sensa ya joto au soketi yake ndiyo inayoshukiwa kwanza, hasa ikiwa taa ya injini imewaka; isipozima, kuna mtu aliyeiunga moja kwa moja. Relei iliyogandana kwa ndani huendelea kupitisha umeme hata baada ya kuzima gari, na asubuhi utakuta betri imekufa.

Dalili: fyuzi ya feni inaungua kila ikiwekwa

Chomoa soketi ya feni, weka fyuzi mpya ya ampea zilezile, na uwashe. Fyuzi ikidumu, mota ina shoti au imekwama. Zungusha mapanga kwa mkono, betri ikiwa imechomolewa, usikie kama kuna ukinzani. Fyuzi ikiungua hata bila feni, waya umechubuka na kugusa bodi mahali fulani. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya badala yake. Fyuzi ikishaungua mara ya pili baada ya ukaguzi huu, mwite fundi umeme.

Kuibadilisha

Ukishathibitisha kwamba mota imekufa, linganisha namba iliyochapwa mgongoni mwake na ile ya unayoinunua, pamoja na umbo la soketi na idadi ya mapanga. Vipuri vya mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ni vizuri tu iwapo muuzaji atakubali kuijaribu feni kwenye betri mbele yako. Shika ncha ya panga na uitikise: ikicheza sana, bushi zimekwisha. Kataa panga lililogundishwa kwa gundi.

Injini iwe baridi. Chomoa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90, kwa kuwa baadhi ya magari yana sensa za mifuko ya hewa jirani na rejeta. Ondoa plastiki ya juu na bomba la kuingizia hewa linalokuzuia, chomoa soketi, na uachie nyaya kutoka kwenye klipu zake. Kwenye Toyota ndogo kava la feni hushikwa juu kwa bolti za spana namba 10, na chini hukaa kwenye vishikizo bila bolti. Pale ambapo hozi ya juu inaziba njia, mwaga maji kiasi kwenye chombo safi kwanza, kisha uilegeze.

Kabla ya kuinua feni, telezesha kipande cha katoni ngumu kati yake na rejeta. Mapezi ya rejeta ni laini kama karatasi ya sigara, na kona ya kava ikiyakwaruza mara moja unaweza kulazimika kununua na rejeta. Kwenye gari la otomatiki angalia pia mabomba ya oili ya giaboksi yanayoingia chini ya rejeta. Usiyakunje na usiyafungue.

Feni ikishatoka, fungua nati ya katikati ya mapanga. Kwenye baadhi ya mota nati hiyo hufunguka kinyume na kawaida, kwa hiyo isipolegea usiongeze nguvu upande uleule. Hamishia mota mpya kwenye kava, ijaribu kwa betri ikiwa bado mikononi, kisha uirudishe ilivyotoka. Nyaya zifungwe mbali na mapanga na mbali na eksozi.

Dalili zinazojitokeza baada ya kufunga feni mpya

Feni inazunguka kwa kelele na gari linachemsha kuliko mwanzo: waya zimegeuzwa. Mota bado inazunguka, ila inasukuma hewa mbele badala ya kuivuta kuelekea kwenye injini. Weka karatasi mbele ya grili gari likiwa limesimama na feni ikiwa imewaka; inapaswa kunata. Ikipeperushwa nje, badilisha nafasi za waya kwenye soketi.

Taa ya joto inawaka ingawa feni ni sawa: kuna hewa kwenye mfumo. Injini ikiwa baridi na mfuniko wazi, jaza maji, weka hita kwenye joto kamili, washa injini na uiache ikiunguruma huku ukiongeza maji yanaposhuka, hadi mapovu yaishe. Funga mfuniko, kisha subiri feni iwake na kuzima yenyewe walau mara mbili kabla ya kuingia barabarani.

Mtikisiko unaosikika kwenye usukani feni ikiwaka hutokana na panga lililovunjika ncha, bolti iliyosahaulika au mpira wa chini wa rejeta ulioruka.

Taa nyekundu ikiwaka ukiwa njiani, zima kiyoyozi, fungua hita kwenye joto la juu kabisa, na utafute mahali pa kuegesha mara moja. Magari kama Vitz hayana geji ya joto bali taa tu, ya bluu kwa baridi na nyekundu kwa moto, hivyo nyekundu ikionekana joto limeshapita kiasi. Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, kwa kuwa silinda hedi ya alumini inaweza kupinda au kupasuka.

Feni za injini yenyewe

Hilux, Land Cruiser na Hiace nyingi za dizeli zina feni iliyofungwa kwenye klachi ya mafuta mbele ya injini. Injini ikiwa imezimwa na baridi, izungushe kwa mkono: ikizunguka huru mizunguko mingi bila ukinzani, klachi imekwisha mafuta, ikigoma kabisa na kuvuma kama ndege kila unapokanyaga, imegandana. Usijaribu kamwe kuizuia injini ikiwa inawaka, hata kwa gazeti lililokunjwa kama baadhi ya mafundi wanavyofanya. Kuifungua kunahitaji kuizuia puli isizunguke huku nati kubwa ikilegezwa, na bila kifaa chake panga huishia kutoboa rejeta. Kazi hiyo ipelekwe gereji.